Taarifa Si Kibali

Tangu Juni 2024, kila siku ya maandamano jijini Nairobi huanza kwa namna moja. Mwenye duka katika barabara ya Tom Mboya huufunga mlango wake wa chuma hata kabla ya kuufungua vyema. Makanga huwateremsha abiria mbali na katikati ya jiji, nao humaliza safari kwa miguu. Seng'enge hutandazwa kuzunguka Bunge. Kufikia saa nne za asubuhi moshi wa vitoa machozi umekwisha kutanda, na jioni wakubwa huketi mbele ya kamera wakatuambia kwamba taifa halina budi kuchagua moja kati ya mawili: ama haki ya kuandamana, ama utulivu wa miji.

Sisi tunaukataa uchaguzi huo. Hatuukatai kwa kuwa tunayadharau maduka yaliyovunjwa. Hayo tutayafikia, na tutayasema bila kuwaonea haya walio upande wetu. Tunaukataa kwa sababu sheria ya nchi hii ilikwisha kuliamua jambo hili zaidi ya miaka 25 iliyopita, kwa neno moja ambalo wenye mamlaka wamekuwa wakilisoma visivyo. Neno hilo ni taarifa.

Msomaji kijana huenda asijue neno hilo lilipatikanaje, basi na tulisimulie. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni ya mwaka 1950. Ilitungwa na mkoloni aliyeuogopa mkutano wa Mwafrika kuliko alivyouogopa ugonjwa. Bendera ilibadilishwa mwaka 1963, sheria ikabaki pale pale, nao waliorithi viti wakairithi na hofu. Chini ya sheria hiyo watu hawakukutana hadharani kwa sababu wanayo haja ya kukutana. Walikutana kwa sababu ofisa wa serikali ametia sahihi leseni. Aliyetaka kuusifu utawala hakusumbuka kuipata. Aliyetaka kuuliza swali aliambiwa kwamba usalama haumruhusu.

Januari 1, 1990, Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarani akahoji kama Afrika nayo haitafikiwa na upepo uliokuwa ukiziangusha tawala za chama kimoja kule Ulaya ya Mashariki. Mei 3 mwaka huo huo Kenneth Matiba na Charles Rubia walitoa wito wa waziwazi wa vyama vingi. Wakaomba leseni ya mkutano uwanjani Kamukunji, Julai 7. Leseni ikanyimwa, na siku chache kabla ya tarehe hiyo wote wawili wakatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Watu walikwenda Kamukunji hivyo hivyo. Ghasia zilienea Nairobi na miji mingine kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha. Novemba 16, 1991, chama cha FORD kilipoitisha mkutano uwanjani humo humo, kilinyimwa leseni vilevile, na waliojitokeza wakatawanywa kwa nguvu. Wiki chache baadaye, Desemba, kifungu cha 2A kiliondolewa katika Katiba na utawala wa chama kimoja ukafa kisheria. Lakini leseni haikufa nao. Ndiyo maana Machi 3, 1992, wanawake wazee waliokuwa wameketi nyasini katika bustani ya Uhuru tangu Februari 28, wakifunga kula ili wana wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe, walivamiwa na askari kwa marungu na moshi. Wangari Maathai alipigwa hata akazirai. Tungependa mtu atuambie ni utulivu gani wa mji uliokuwa umevurugwa na mama wa miaka 60 aliyeketi juu ya blanketi. Kina mama hao walikimbilia kanisa kuu la All Saints, ng'ambo tu ya barabara, wakakaa humo muda unaokaribia mwaka mzima.

Halafu ukaja mwaka 1997. Julai 7, siku ya kukumbuka Saba Saba, polisi waliingia ndani ya kanisa hilo hilo la All Saints na kuwapiga waliokuwamo. Mchungaji Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Picha za siku hiyo zilizunguka dunia, na utawala ambao ulikuwa umekataa mazungumzo ukayakubali. Wabunge wa vyama mbalimbali, kundi lililojulikana kama IPPG, walikubaliana juu ya mabadiliko kadhaa kabla ya uchaguzi wa Desemba 29. Wapo wengi katika safu za mageuzi waliosema kwamba makubaliano yale yalikuwa haba, na kwa mengi walikuwa na haki kusema hivyo. Lakini moja lililopatikana lilikuwa kubwa: leseni ilifutwa, na mahali pake pakaandikwa taarifa. Hilo ndilo neno lililonunuliwa kwa damu ya miaka 7.

Sasa na tuitazame sheria yenyewe, kwa kuwa wengi huitaja na wachache huisoma. Mwandalizi wa mkutano au maandamano anatakiwa ampelekee mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe. Aandike jina lake na anwani yake, siku na saa, na mahali pa mkutano au njia ya maandamano. Saa ni kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Mkuu wa kituo naye anatakiwa aweke kumbukumbu ya taarifa anazozipokea. Anaweza kusema kwamba shughuli haiwezekani iwapo kuna wengine waliotangulia kuleta taarifa ya siku hiyo, saa hiyo na mahali hapo. Na hapo anapaswa kumjulisha mwandalizi mapema ili tarehe nyingine itafutwe. Mwandalizi, au aliyemwakilisha, anatakiwa kuwapo mwanzo hadi mwisho na kuwasaidia polisi kulinda amani. Askari wa cheo cha inspekta au zaidi anaweza kuyasimamisha maandamano kukiwa na hatari dhahiri, iliyopo au inayokaribia, ya kuvunjika kwa amani. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkuu wa kituo anatoa ruhusa.

Mwaka 2010 Wakenya walijipa Katiba mpya, na kipengele cha 37 kikaipandisha haki hii juu zaidi: kila mtu, kwa amani na bila silaha, anaweza kukusanyika, kuandamana, kusimama nje ya ofisi kupinga jambo, na kuwasilisha malalamishi kwa wenye mamlaka. Kipengele cha 24 kinasema haki inaweza kuwekewa mipaka, ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru. Mipaka haiwekwi kwa tamko la mkutano na wanahabari.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Apigaye mbiu haombi ruhusa ya kupita. Anawaarifu watu wa mtaa kwamba kuna jambo, ili mwenye mtoto amshike mkono, mwenye mkokoteni ausogeze, na mlinzi wa mji ajue asimame wapi. Hiyo ndiyo kazi ya taarifa. Aipokeaye hajapewa cheo cha hakimu, amepewa kazi. Kuanzia saa ile muhuri unapogonga karatasi, kuna jukumu limeingia mezani pake: atawaweka askari wangapi njia panda, magari yatapitishwa wapi, ambulensi itasimama wapi, soko litalindwaje. Mkuu wa polisi anayeipokea taarifa kisha akatangaza kwamba maandamano "hayajaruhusiwa" ameikwepa kazi hiyo, na zaidi ya hapo ameirudisha leseni ya 1950 kwa mlango wa nyuma.

Julai 18, 2024, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Inspekta Jenerali wa Polisi, Douglas Kanja, alipiga marufuku maandamano yote katikati ya jiji la Nairobi hadi atakapotangaza vinginevyo. Sababu aliyoitoa inastahili kupimwa, maana haikuwa ya kipuuzi: alisema maandamano hayana viongozi wanaojulikana, na kwa hiyo ni vigumu kusimamia taratibu za usalama. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo mara moja. Tuliifurahia hatua ya mahakama, lakini swali la viongozi halikujibiwa na amri ile, nasi hatutaliruka.

Kabla ya hapo, hebu tuulize: ni nani huvuruga utulivu wa miji yetu? Januari 19, 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirejea kutoka likizoni wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta na mnyakuzi wa ardhi. Wakaandamana, watoto wa sare, pamoja na watetezi wa haki, na ukuta ukaangushwa. Walipigwa vitoa machozi. Kelele za nchi nzima ndizo zilizofanya serikali iwaombe radhi na uwanja ukarudi. Julai 12, 2023, siku ya maandamano ya upinzani kuhusu gharama ya maisha, moshi wa polisi uliingia katika shule ya msingi huko Kangemi, na watoto zaidi ya 50 wakapelekwa hospitalini wakiwa hawajiwezi. Hao hawakuandamana, walikuwa darasani. Juni 17, 2025, watu waliopakiwa kwenye pikipiki, wenye mijeledi na marungu, waliwavamia waandamanaji katikati ya Nairobi mchana kweupe, askari wakiwapo. Siku hiyo hiyo kijana mchuuzi wa barakoa, ambaye alitoka kutafuta riziki, alipigwa risasi kichwani na askari kwa umbali wa hatua chache, na akafa siku kadhaa baadaye. Ni utulivu wa nani uliokuwa ukilindwa?

Kisha ikafika Julai 7, 2025, miaka 35 baada ya Saba Saba ya kwanza. Alfajiri, kabla jiwe halijarushwa, polisi walikuwa wamezifunga barabara kuu zote za kuingia katikati ya Nairobi. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikwama, mabasi ya mbali yaliwashusha abiria barabarani wakiwa na mizigo na watoto, na maduka hayakufunguliwa. Wale wanaotuambia kwamba maandamano huua biashara waliiua biashara ya mji mzima kwa seng'enge kabla ya jogoo kuwika. Na kwa kuwa katikati ya mji palikuwa pamefungwa, mapambano yalihamia mitaani na miji ya kando, ambako kuna kamera chache na risasi nyingi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu 31 waliouawa nchini siku hiyo. Kufunga mji hakukuleta utulivu; kulihamisha vifo tu hadi mahali pasipoonekana kwa urahisi.

Habari za wahuni wa kukodiwa si ngeni kwa wasomaji wetu wa umri mkubwa. Wanakumbuka Jeshi la Mzee la miaka ya tisini. Wanaikumbuka na Juni 10, 1999, Mchungaji Njoya alipopigwa barabarani nje ya Bunge na watu wasio na sare. Mbinu ni ile ile: maandamano ya amani yaingizwe ghasia, kisha ghasia ziwe sababu ya kuyazima. Julai 6, 2025, hata kikao cha kina mama na wanahabari katika ofisi za Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali, kilivamiwa na wahuni wenye silaha. Kikao hicho kilikuwa cha kudai utekaji nyara ukome. Polisi wanaoweza kumtambua kijana kwa maneno aliyoyaandika kwenye simu yake hawawezi kutuambia kwamba wanashindwa kuitambua pikipiki yenye nambari ya usajili.

Hata hivyo, si kila kioo kilichovunjwa kilivunjwa na mtu aliyelipwa. Tukisema hivyo tutakuwa tunajidanganya, na mwenye duka atatucheka. Juni 25, 2025, watu walipotoka kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, maduka mengi katikati ya Nairobi yalivunjwa na kusombwa hadi rafu zikabaki tupu. Wenye maduka yale si mabwanyenye. Wengi wao wamepanga chumba kimoja katika jumba lililogawanywa mara kumi, wamechukua simu au viatu kwa mkopo, na mkopo hauulizi kama kulikuwa na maandamano. Mama anayeuza mitumba juu ya turubai hana bima. Akipoteza mzigo wa asubuhi moja, ada ya shule ya muhula imekwenda. Katiba inayotupa kipengele cha 37 ndiyo inayompa yeye kipengele cha 40, kinacholinda mali yake. Anayempora akidai anaitetea haki hajaitetea. Ni mwizi, na ashtakiwe kama mwizi: kwa jina lake, kwa ushahidi, mbele ya hakimu. Asipigwe risasi, wala mashtaka yake yasitumiwe kuwafunga wengine elfu waliopita hapo wakiimba.

Tunalisema hili la risasi kwa kuwa limesemwa. Julai 9, 2025, Rais William Ruto alisema hadharani kwamba anayeharibu biashara ya mwingine apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitalini akielekea mahakamani. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inataka bunduki iwe ya mwisho, baada ya njia nyingine kushindwa. Inataka kila matumizi ya nguvu yanayoua au kujeruhi vibaya yaripotiwe mara moja na majeruhi wahudumiwe. Askari anayelenga mguu ndani ya umati unaokimbia hajui risasi itaangukia wapi. Na adhabu, katika nchi yenye mahakama, haitangulii hukumu.

Kuhusu fidia kwa waliopata hasara, tunalo la kujifunza kutoka Afrika Kusini, nchi iliyoyajua maandamano kwa uchungu kama sisi. Sheria yao ya mikusanyiko, ya mwaka 1993, hutaka mwandalizi, polisi na serikali ya mji waketi pamoja baada ya taarifa kufika na wakubaliane juu ya njia na ulinzi. Mwaka 2006 maandamano ya walinzi waliogoma mjini Cape Town yaligeuka ghasia, magari na maduka yakaharibiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, nayo mwaka 2012 ikaamua kwamba chama kilichoandaa maandamano kinaweza kudaiwa hasara, isipokuwa kionyeshe kwamba madhara hayakuweza kutarajiwa na kwamba kilichukua hatua zifaazo kuyazuia. Wapo Wakenya wanaoutamani uamuzi huo uigwe hapa kesho asubuhi. Sisi twasema polepole. Mahali ambapo taarifa hupokewa, kikao hufanyika na askari hutumwa kulinda, ni haki kumuuliza mwandalizi alifanya nini. Lakini mahali ambapo taarifa hutupwa, mwandalizi hutekwa usiku, na wahuni hupitishwa kati ya askari, kumdai yeye hasara ni kumpa kila adui wa mageuzi njia rahisi ya kuyafilisi: akodi vijana ishirini, wavunje, kisha ampelekee mwandalizi bili. Kwanza serikali itimize wajibu wake. Na pale ilipopewa taarifa ikakataa kulinda, mwenye duka aijie yenyewe kwa fidia.

Lipo pia wazo la kuyatengea maandamano mahali maalumu. Mwaka 2025 Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, aliwasilisha mswada wa kuirekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma, uliokusudia kupiga marufuku maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa, na kumpa waziri nafasi ya kutenga viwanja vya kukutania. Hatusemi kwamba hakuna mahali pa kuheshimiwa. Mlango wa hospitali uachwe wazi daima, na waandamanaji wasilale barabarani inakopita ambulensi. Juni 25, 2024, watu walipoingia Bunge na sehemu yake ikawashwa moto, jambo baya lilitendeka, na wakati huo huo waliokuwa nje wakapigwa risasi za kweli. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 katika maandamano yale ya kuupinga Mswada wa Fedha. Lakini malalamishi huwasilishwa kwa anayelalamikiwa. Anayewapeleka raia wakapige kelele uwanjani, mbali na masikio ya wabunge, amewaruhusu kuandamana kama vile mtu anavyomruhusu mgeni azungumze akiwa amefungiwa nje ya nyumba. Na tusisahau kwamba Mswada wa Fedha wa 2024 haukuondolewa na barua. Rais alikataa kuutia sahihi Juni 26, siku moja baada ya umati kufika mlangoni.

Turudi basi kwa swali la viongozi. Kizazi kilichotoka mwaka 2024 kilijisifu kwa kutokuwa na kabila, kutokuwa na chama na kutokuwa na kiongozi. Mawili ya kwanza twayapongeza kwa moyo wote; hata sisi wa miaka ya tisini hatukuyafikia. La tatu tunalielewa. Kati ya Juni na Desemba 2024 tume hiyo ilirekodi visa 82 vya utekaji nyara. Katika hali hiyo nani aandike jina lake na anwani yake kwenye karatasi na kuipeleka kituoni? Ni sawa na kuwaelekeza watekaji nyumbani kwako. Wakubwa wanaolalamika kwamba hawaoni viongozi wa kuzungumza nao wajiulize walifanya nini na wale waliowaona.

Lakini mji hauwezi kulindwa dhidi ya wahuni na watu wasiojuana. Pasipo mwandalizi hapana njia iliyokubaliwa, hapana wa kumwambia kijana wa mbele asirushe jiwe, hapana wa kusema saa kumi na moja jioni kwamba sasa turudini nyumbani. Wasomaji wetu wa makanisani wanakijua kisa cha Efeso, umati ulivyojaa katika ukumbi wa michezo ukapiga kelele kwa saa mbili, na wengi hawakujua kwa nini wamekuja. Umati wa namna hiyo ndio anaoupenda mwenye kukodi wahuni, kwa maana hakuna atakayeuliza huyu mgeni ametoka wapi.

Hapa ndipo tunapoona kazi ya makanisa, na misikiti, na vyama vya wanasheria. Mwaka 1992 kanisa lilitoa paa. Mwaka 2024 nyumba za ibada katikati ya Nairobi ziliwapokea majeruhi. Sasa tunaziomba zitoe jina. Taarifa ipelekwe na taasisi, si na kijana mmoja. Iandikwe kwa jina la baraza la wachungaji wa mji, au parokia, au chama chenye ofisi na muhuri, na itiwe sahihi na watu watatu au wanne wenye nywele za mvi. Si rahisi kumteka askofu, mwenyekiti wa kina mama na wakili kwa usiku mmoja bila nchi kuamka. Vijana wabaki na maudhui yao, nyimbo zao na madai yao. Wazee wabebe karatasi. Tunajua kuna vijana wasiotaka kusikia habari za kanisa, na hawana hatia. Wameona mimbari ikikodishwa kwa wanasiasa wenye mifuko ya pesa. Ndiyo maana ilikuwa na uzito Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliporudisha michango iliyotolewa na Rais na wanasiasa wengine kanisani Soweto. Kanisa linalokula sadaka ya mwanasiasa haliwezi kusimama kati ya bunduki yake na raia.

Wasimamizi wa maandamano nao wachaguliwe mapema, mmoja kwa kila watu 50 hivi, wavae kitambaa cha rangi moja, wajuane kwa sura. Wakikutana na mtu aliyeficha uso na kubeba rungu, wamzingire wakae chini, ili abaki peke yake amesimama na kila kamera imwone. Njia ipite barabara pana, isipite ndani ya masoko wala mbele ya hospitali. Siku moja kabla, wawili watatu waende kwa wenye maduka wa njia hiyo, wawaambie saa watakayopita na saa watakayomaliza. Katika maandamano yote tuliyoyataja hapa, mwenye duka ndiye asiyeambiwa lolote na yeyote, ilhali yeye ndiye angekuwa shahidi bora wa ni nani aliyevunja nini.

Na polisi wavae sare zenye majina au nambari. Mahakama Kuu ilikwisha kuliamuru hilo Agosti 2024, na bado Juni 2025 tuliona nyuso zilizofunikwa. Askari anayelinda haki ya watu hana sababu ya kuwaficha jina lake.

Kwa wale watakaopeleka taarifa, utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Iandikwe nakala tatu. Moja ibaki kituoni, ya pili irudi na muhuri wa kituo, tarehe na saa, ya tatu ipelekwe ofisi ya kaunti. Waende watu wasiopungua wawili, mchana, na mmoja wao awe wakili ikiwezekana. Wasiombe, wakabidhi, wasubiri muhuri, waulize ni askari gani atakayesimamia njia hiyo na waandike jina lake. Mkuu wa kituo akikataa kuipokea, waandike papo hapo juu ya nakala jina lake, cheo chake, saa aliyokataa na maneno aliyoyasema, watie sahihi wote wawili, kisha nakala hiyo iwe mikononi mwa Mahakama Kuu kabla jua halijatua.